Visanduku vyeupe ukutani havisikilizi mtu: maelezo kuhusu vipimo vya joto katika jengo la jamii Bagamoyo

Kaskazi imeanza, na joto likipanda malalamiko nayo hupanda. Majuma haya kitengo chetu kimepigiwa simu nyingi kuhusu jengo la jamii tunalolifuatilia hapa Bagamoyo. Wapo wanaouliza inakuwaje kipimo kisome nyuzi joto 30 ilhali tulisema jengo linajipoza lenyewe kwa upepo, bila viyoyozi. Wapo wanaotaka viyoyozi. Na wapo wanaoamini kwamba vile visanduku vyeupe vilivyobandikwa ukutani vinanasa mazungumzo. Tunashukuru kwa simu zote, hata zile za usiku.

Nianze na visanduku, maana ndivyo vilivyoturudisha nyuma zaidi. Kila kimoja kinahifadhi mambo matatu: tarehe na saa, joto, na unyevu wa hewa. Basi. Hakina kamera wala kinasa sauti. Kile kitaa kinachowaka na kuzima ni ishara kwamba betri bado ina nguvu. Hivi karibuni tulikuta kisanduku kimetiwa ndani ya mfuko wa plastiki na kupigwa mafundo mawili, kwa kuwa wanakikoba walikuwa na kikao cha marejesho na hawakupenda madeni yao yasikike. Hofu hiyo naielewa. Ila kwa siku zote zile kisanduku kilipima hewa ya ndani ya mfuko, na takwimu hizo imebidi tuzitupe. Nikumbushe pia kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na anayekutwa akiutumia anaweza kutozwa faini ya shilingi 30,000, au kifungo kisichozidi siku 7, au vyote viwili. Si kazi ya kitengo chetu kukamata mtu. Nimesema tu.

Kisanduku cha pili kilihamishwa. Kila siku saa nne asubuhi mstari wa joto ulipanda kama mnazi, na ikifika adhuhuri ukashuka. Tulilisingizia paa. Tulipokwenda kutazama, kisanduku kilikuwa kinaning'inia kwenye msumari karibu na mlango wa nyuma, na chini yake jiko la mkaa lenye sufuria ya chai. Tulikuwa tunapima chai.

Tunaviweka mita 1.1 kutoka sakafuni kwa sababu hapo ndipo kilipo kichwa cha mtu aliyekaa. Tunaviepusha na ukuta unaopigwa jua, na mlango, na jiko, na nyuma ya televisheni. Kile kimpira cheusi kinachoning'inia katikati ya ukumbi nacho ni kipimo: kinapokea joto linaloshuka kutoka darini, ambalo kipimo cha hewa hakilioni vizuri. Kweli, ni mpira wa tenisi ya mezani uliopakwa rangi. Watoto wameshakichukua mara mbili.

Kifaa kikipotea au kikiharibika, utaratibu ni huu. Msimamizi wa jengo anaandika siku hiyohiyo kwenye daftari la mali, akitaja namba iliyo nyuma ya kifaa, si rangi yake. Anamjulisha mtendaji wa kata kwa barua. Kisha anakwenda kituo cha polisi kuchukua RB, yaani hati ya kuonyesha kwamba ameripoti, na namba ya RB inaletwa kwetu pamoja na nakala ya barua yenye mhuri. Bila namba hiyo hatutoi kifaa kingine, hata kama sote tunajua kilivunjwa na nani na kwa nini. Kuharibu mali kwa makusudi ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kukiangusha ukiwa unafagia si kosa, lakini barua ni ileile na mhuri ni uleule.

Sasa hizo nyuzi 30. Hatukuahidi baridi ya Lushoto. Tuliahidi ukumbi ambao watu watakaa bila kutaabika na bila kumaliza yuniti za umeme za LUKU. Kwa jengo lenye madirisha yanayofunguliwa na watu wenyewe, kiwango cha ASHRAE 55, cha chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, kina hesabu yake: chukua wastani wa joto la nje la siku za karibuni, zidisha kwa 0.31, jumlisha 17.8. Tuseme wastani wa nje ni 28, unapata 26.5 hivi. Ongeza 3.5, na huo ndio ukomo wa juu ambao wengi huuvumilia: 30. Upepo ukipita kwa mita 1.2 kwa sekunde, ule unaopeperusha karatasi mezani, ukomo unasogea juu kwa nyuzi 2.2 nyingine. Namba ya kisanduku haijabadilika. Jasho ndilo limekauka. Feni nayo hufanya hivyohivyo, haipozi hewa bali inampoza mtu, kwa hiyo feni inayozunguka ukumbini pasipo na mtu inapoza viti.

Ndiyo maana inatuumiza kukuta matundu ya juu ya ukuta yamezibwa na bango la harusi iliyokwisha pita. Hewa ya moto hutoka nje kupitia pale. Na wale wanaosema haya ni majaribio ya wageni, waende Mji Mkongwe hapa hapa Bagamoyo, saa nane mchana, waingie nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa yenye dari ya boriti za mikoko. Kisha watoke waingie banda la bati lisilo na dari. Wakirudi tutazungumza.

Linalobaki ni daftari la madirisha, na hapa naomba subira. Kisanduku hakijui kama dirisha lilikuwa wazi, wala kama ukumbini walikuwemo watu 5 au 80. Mnatujulisha ninyi. Andikeni idadi tu, msiandike majina. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na hatutaki kuhifadhi tusichokihitaji. Andikeni saa za Kiswahili kama mnavyozisema, lakini mtaje asubuhi, mchana au usiku. "Saa 3" peke yake imetupotezea siku nzima, kwa kuwa saa ya kifaa inahesabu hadi 24 na sisi ndio tunaobadilisha. Msijaze kurasa za juma zima siku ya Ijumaa kwa kalamu moja. Tunaiona hiyo kalamu.

Safu ya mwisho, ya maelezo, wengi huiacha tupu, nayo ndiyo iliyotusaidia kuliko zote. Kwa muda mrefu ukumbi ulikuwa unapata joto kuanzia saa tisa alasiri, wakati ule ule upepo wa bahari unapokuwa na nguvu, na hatukuweza kulieleza. Mlango wa upande wa baharini ulikuwa umefungwa kila siku muda huo. Mtu mmoja, kwa mwandiko wa haraka, alikuwa ameandika neno moja: "mbuzi." Wanarudi kutoka malishoni saa hizo na huingia ndani kutafuna mikeka.

Tumemwomba fundi aweke kigeti cha mbao cha nusu mlango. Hadi kitakapowekwa, mkilazimika kufunga tafadhali andikeni "mbuzi," na saa.