Je, wajua kwa nini sindano ya testosteroni inaweza kumfanya mwanaume aote matiti?

Mwanaume ameanza kuchomwa testosteroni kwa sababu vipimo vilionyesha iko chini, hamu ya tendo la ndoa imekwisha na uchovu haumwachi. Wiki chache baadaye chuchu zinamuuma zikiguswa na shati. Kapewa homoni ya kiume, mbona mwili unajibu kwa ya kike?

Kinachofanya hivyo ni kimeng'enya kiitwacho aromatesi. Kazi yake ni kugeuza sehemu ya testosteroni kuwa estradioli, aina ya estrojeni (homoni ya kike) yenye nguvu kuliko nyingine. Kipo kwenye korodani, ubongo na mifupa, lakini kwa mwenye uzito mkubwa kiwanda kikuu ni mafuta ya mwili. Watu wawili wakichomwa dozi ileile, mwenye kitambi hutoka na estradioli nyingi zaidi.

Hapo ndipo vijana wengi wa gym za Sinza na Kinondoni wanapokosea: wakisikia estrojeni, wanataka waiue yote. Mwanaume anaihitaji. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walieleza habari za kijana wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuisikia estrojeni. Alikuwa na kimo cha sentimita 204, bado anarefuka, na mifupa yake imepungua uzito. Mwaka 2013 utafiti mwingine wa huko ulionyesha kwamba wanaume waliozuiwa kutengeneza estradioli waliongezeka mafuta mwilini na hamu ikashuka, ingawa testosteroni walikuwa wanapewa. Kwa hiyo shabaha ni kiasi, si sifuri.

Na kiasi ni kipi? Maabara nyingi huweka kiwango cha mwanaume kati ya pikogramu 10 na 40 kwa mililita. Soma kipimio kabla ya kushtuka. Majibu mengine huandikwa kwa pikomoli kwa lita, na namba hiyo hugawanywa kwa 3.67. Ukiona 110 ya pikomoli, hiyo ni 30 tu ya pikogramu, wala huna tatizo. Jambo la pili ni mashine yenyewe: kipimo cha kawaida cha estradioli kilitengenezwa kwa ajili ya wanawake, ambao viwango vyao ni vya juu, hivyo huyumba kikisoma viwango vidogo vya mwanaume. Pima maabara ileile, asubuhi, siku ileile ya mzunguko wa sindano. Kwa anayechomwa kila wiki, katikati ya sindano mbili. Kama unameza biotini ya nywele na kucha, iache angalau siku 2 kabla, kwa sababu inaweza kudanganya baadhi ya mashine zikatoa majibu ya juu kuliko ukweli.

Bila dalili, wala huna haja ya kupima estradioli kila mwezi. Kinachopaswa kufuatiliwa bila kukosa ni testosteroni yenyewe, tezi dume, na wingi wa chembe nyekundu za damu: hematokriti ikipita asilimia 54, sindano husimamishwa kwanza. Na anayetaka mtoto aseme mapema, maana testosteroni ya nje huzima utengenezaji wa mbegu.

Sasa tuseme dalili zipo kweli: chuchu zinauma, miguu inajaa maji, namba iko juu. Cha kwanza kuangalia ni ratiba, kabla ya kufikiria kidonge. Testosteroni enanthati ya miligramu 250 ikichomwa yote kwa mkupuo kila wiki 2 au 3, siku za mwanzo homoni hupanda sana na estradioli hupanda nayo. Kuelekea mwisho mtu anabaki hoi. Miligramu 75 hadi 100 kila wiki hulainisha mawimbi hayo. Kwa dawa ya miligramu 250 kwenye mililita 1, miligramu 100 ni mililita 0.4. Lakini angalia kitu kimoja: ampuli ya kioo ni ya kutumika mara moja. Ukishaivunja, kilichobaki kinatupwa. Kukihifadhi kwenye bomba la sindano hadi wiki ijayo ni kukaribisha jipu. Mwambie daktari ili dozi ipangwe kulingana na chupa iliyopo. Baada ya kubadilisha, subiri wiki 6 hivi ndipo upime tena. Kupunguza kitambi na pombe nako kunasaidia, ila polepole.

Anastrozoli, kidonge cha kuzuia aromatesi, ni cha mwisho. Kile cha miligramu 1 kila siku ni dozi ya wanawake wenye saratani ya matiti waliokoma hedhi. Mwanaume akikimeza hivyo kwa ushauri wa rafiki, viungo vitaanza kumuuma, hamu itapotea, na akiendelea mifupa italika kimyakimya. Madaktari wanaokitumia huanza na nusu kidonge mara moja au mbili kwa wiki, tena kwa muda. Dawa hii huchukua takribani siku 2 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo anayeongeza leo kwa sababu jana hakuona nafuu anajirundikia.

Tena si kila titi limeletwa na sindano. Spironolaktoni ya presha na moyo, ketokonazoli ya fangasi ya kumeza, na efavirenzi iliyotumika miaka mingi kwenye dawa za VVU, zote zinajulikana kwa hilo. Mpe daktari orodha nzima. Usingoje pia: tishu ya titi ikikaa zaidi ya mwaka hugeuka kuwa kovu, na hapo vidonge kama tamoksifeni havifui dafu, inabaki upasuaji. Uvimbe mgumu wa upande mmoja, au chuchu inayotoa damu, upelekwe hospitali wiki hiyohiyo. Saratani ya matiti huwapata wanaume pia, na mwenye sindano hana kinga nayo.