Bunduki ya shabaha ya masafa marefu: yasemwayo barazani na ukweli wake

Mpwa wangu anaishi Kanada, ana leseni yake ya silaha, na mwezi uliopita alinitumia kwa WhatsApp orodha ya vitu anavyotaka fundi amuunganishie: bunduki yake ya kwanza ya kupigia shabaha umbali wa mita 1,000. Anajua kuwa mjomba wake nilikereza vyuma Uingereza kwa miaka saba, na kwamba Jumapili nyingi za huko zilinikuta uwanjani, nimelala kifudifudi, shavu kwenye kitako. Orodha yenyewe niliisomea barazani hapa Ngamiani, Tanga. Vijana wakachungulia simu, kila mmoja akawa na lake la kusema. Mengi waliyoyasema niliyaamini na mimi nilipoanza, na yalinigharimu pesa ambayo ingenunua risasi za mazoezi ya mwaka mzima.

La sheria nilimalize kwanza. Wapo wanaodhani kwamba mtu mwenye kerezo nzuri Tanga anaweza kujitengenezea mtutu kimyakimya. Hapana. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina nafasi ya kutengeneza, kuingiza nchini wala kumiliki silaha bila kibali, hata kama shabaha yako ni karatasi tu. Hata kule ughaibuni kwa kawaida kazi ya mtutu na chemba, yaani chumba risasi inamokaa, hufanywa na fundi mwenye leseni, kwa vipimo maalumu. Chemba ikizidi au ikipungua kwa unene wa unywele, ganda la risasi linaweza kupasuka mbele ya uso wako. Kazi ya mwenye bunduki ni kupanga, na kupanga vizuri ndiko kugumu.

“Risasi kubwa ndiyo inayofika mbali”

Kitu cha kwanza kwenye orodha ya mpwa wangu kilikuwa risasi nene na nzito iitwayo .338 Lapua Magnum. Barazani walishangilia. Mimi nilimpigia simu usiku uleule.

Karatasi haihitaji nguvu. Inahitaji tundu mahali pake. Kwa mita 1,000, risasi ya 6.5 Creedmoor, iliyoingia sokoni mwaka 2007, ina kichwa cha greni 140, yaani kama gramu 9, chembamba na kirefu kinachopenya hewa bila kupoteza kasi upesi. Huondoka kwenye mdomo wa mtutu kwa mita 820 hivi kwa sekunde na huipita mita 1,000 ikiwa bado na kasi kuliko sauti. .308 Winchester, ya mwaka 1952, ni nzuri kwa kujifunzia, ila kati ya mita 800 na 1,000 huanza kuikaribia kasi ya sauti, na hapo kichwa cha risasi huweza kuyumba.

Hiyo .338 hutupa kichwa chenye uzito wa mara mbili. Bega hulipia. Baada ya risasi ishirini mwili huanza kujikunja kabla ya mlio, na kidole kinachovuta kwa woga hakipigi kitu mita 1,000. Risasi zake ni ghali mno, na vipo viwanja visivyoiruhusu kabisa. Anayeanza anahitaji bunduki atakayoweza kuipiga mara nyingi bila kuiogopa na bila kufilisika.

Jambo hili la idadi ya risasi watu hawalihesabu. Mtutu unachakaa. Moto wa baruti hula koo lake, pale michirizi inapoanzia, na mtutu wa 6.5 Creedmoor kwa kawaida huanza kuchoka kati ya risasi 2,000 na 3,000. Wa .308 hupita 5,000. Kwa hiyo anayepanga bunduki ya kwanza aweke mezani bei ya mtutu wa pili pia, kama mwenye gari anavyohesabu matairi.

“Mtutu mrefu una shabaha zaidi”

Urefu huongeza kasi, basi: kama mita 6 hadi 8 kwa sekunde kwa kila inchi. Hauongezi usahihi. Mtutu mfupi na mnene hutetemeka kidogo kuliko mrefu mwembamba. Inchi 24 au 26 zinamtosha kabisa mtu wa mita 1,000.

Kilicho na uzito kuliko urefu ni msokoto, nao ndio ulionitia aibu. Bunduki yangu ya kwanza ilikuwa ya risasi ndogo ya .223, mtutu mrefu unaong'aa, nikaona nimepata. Nikanunua vichwa vizito vya greni 77, maana nilisikia vizito hupambana na upepo. Asubuhi ile nilipiga tano kwa mita 100, nikatembea hadi kwenye ubao. Nilikuta matundu mawili. La kwanza lilikuwa refu, limechanika pembeni, umbo la samaki aliyelala. La pili hivyohivyo. Tatu zilizobaki hazikuigusa hata karatasi. Mzee mmoja wa uwanja aliweka kidole kwenye lile tundu akaniambia: risasi yako imefika ubavu, haikufika kwa pua.

Mtutu wangu ulikuwa na msokoto wa mmoja kwa 12: michirizi yake ya ndani humaliza mzunguko mmoja katika inchi 12. Huo ni wa vichwa vyepesi vya greni 55. Kichwa kirefu huhitaji kuzungushwa haraka zaidi, la sivyo hupepesuka hewani kama pia inayokaribia kuanguka. Kwa kichwa cha 6.5 cha greni 140 hutakiwa mmoja kwa 8, na ukipiga hesabu utaona kinatoka kikizunguka zaidi ya mara 4,000 kwa sekunde moja.

Ndiyo maana nilimwambia mpwa wangu aigeuze orodha juu chini. Achague kichwa cha risasi kwanza. Kichwa kitamwambia msokoto, msokoto utamwambia aagize mtutu gani, na vingine vyote vifuate hapo. Yeye alikuwa ameanza na rangi ya kitako.

“Hakuna kinachoshinda bunduki ya Mjerumani”

Hili ni letu watu wa Tanga, limetoka kwenye vita vya Novemba 1914. Wazee walihadithia, nasi tukakua tukiamini kuwa askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walikuwa na bunduki za ajabu. Wengi wao walikuwa bado na bunduki za modeli ya 1871, za risasi za milimita 11 na baruti nyeusi, ambayo moshi wake humwonyesha adui ulipolala. Walioshinda hapa ni wapigaji waliozoea mahali, dhidi ya jeshi lililoshushwa pwani bila kupumzika.

Penye kweli katika usemi huo ni kwamba bolti, chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, ya Mauser ya mwaka 1898 ndiyo mama wa bolti nyingi za leo. Lakini anayejenga sasa atafanya vyema kuchagua mwili wa bunduki wenye umbo la Remington 700, ya mwaka 1962, kwa sababu viwanda vingi vimeliiga. Vitako, vifyatulio na reli vya kulitosha utavipata kila upande. Na ukikuta bunduki kuukuu imezikwa shambani au imesahaulika darini, usijaribu kuipiga. Ita polisi.

“Darubini ikuze sana, basi”

Vijana wanataka ukuzaji wa mara 40. Kwenye joto, ukuzaji mkubwa hukuza na mazigazi pia, shabaha ikawa inachezacheza kama kitu kilicho chini ya maji. Kwa kawaida mimi hupigia kati ya 12 na 18.

Muulize muuzaji swali jingine: nikizungusha kitasa, nywele za shabaha zinakwenda kiasi hichohicho na kurudi palepale? Nilipoteza majira mazima ya kiangazi kwa sababu ya darubini ya bei nafuu niliyouziwa dukani kwa maneno matamu. Nilibadilisha baruti, nikabadilisha vichwa, nikamlaumu hata fundi. Mwishowe niliifunga bunduki imara, nikazungusha kitasa nikapanda vituo hamsini, nikashuka vituo hamsini. Haikurudi ilipotoka. Kipimo hicho huchukua dakika kumi. Kifanye siku ya kwanza.

Kwa 6.5 Creedmoor iliyosawazishwa ipige katikati kwa mita 100, kufika mita 1,000 kunahitaji upandishe mili 9 hadi 10. Mili moja ni sentimita 10 kwa kila mita 100, kwa hiyo hiyo ni kama mita 10 juu. Darubini yenye mwendo wa mili 18 ina 9 tu za kupanda ukiifunga sawasawa. Ndiyo kazi ya reli ya kufungia darubini, iliyoinamishwa dakika 20 za pembe (dakika 60 ni nyuzi moja): huiazima darubini karibu mili 6 zaidi. Kipande hiki cha chuma cha bei ndogo hakikuwemo kwenye orodha ya mpwa wangu, na bila hicho asingefika.

“Mita elfu lazima upigie hesabu mzunguko wa dunia”

Hili limetoka kwenye michezo ya simu, na kijana aliyelisema alilisema kwa kujiamini sana. Tulichukua karatasi, tukahesabu. Tanga iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta. Risasi inayokaa hewani sekunde 1.6 hadi mita 1,000 hapa kwetu itasukumwa kando na mzunguko wa dunia kwa kama sentimita 1 tu, kuelekea kushoto. Bisley, Uingereza, ambako mashindano yamefanyika tangu 1890, ni kama sentimita 9, kuelekea kulia. Karibu na ikweta mabadiliko makubwa ni ya juu na chini: ukipigia mashariki, risasi hupanda zaidi kwa sentimita 10 na kitu, na ukipigia magharibi hushuka kiasi hichohicho.

Sasa weka upepo kando ya hayo. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma ubavuni huisogeza risasi ileile karibu mita 2. Kila kilomita moja uliyokosea ni sentimita 12. Duara la alama 10 kwa yadi 1,000, katika mashindano yanayoitwa F-Class, lina upana wa inchi 10, yaani sentimita 25. Kwa hiyo ukiukosea upepo kwa kilomita moja na nusu tu, umetoka nje ya duara, hata kama bunduki yako imejengwa na fundi bora duniani.

Na upepo watu wa hapa wanaujua. Nahodha wa ngalawa akitoka Sahare haangalii tanga lake peke yake. Anatazama maji ya mbele, pale yanapobadilika rangi, ajue upepo utamfikia lini. Mpigaji hufanya vivyo hivyo kwa majani, vumbi na mazigazi. Vuta umakini wa darubini uishie kabla kidogo ya shabaha, upande wako, uyatazame mazigazi: yakitiririka kushoto, upepo unakwenda kushoto, na yakichemka wima, upepo ama umekufa ama unavuma kwenye mstari wako. Upepo ulio karibu na mpigaji nao usipuuzwe, kwa kuwa pembe ndogo iliyopotoka mapema husafiri na risasi hadi mwisho.

Papo hapo mwingine akadai hewa ya pwani ni nzito kwa sababu ya unyevu. Ni kinyume. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, kwa hiyo hewa yenye unyevu ni nyepesi kidogo, ingawa tofauti ni ndogo mno kukusumbua. Kinachosumbua ni mwinuko. Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, hewa ni nyepesi kuliko ya Tanga mjini kwa karibu sehemu moja ya nane, na vipimo ulivyoviandika ufukweni vitakupitisha juu ya shabaha. Chumvi ya pwani, hiyo ni kweli tupu, hula chuma. Hata mtutu usioshika kutu upesi hupanguswa mafuta jioni ileile.

“Risasi tatu tundu moja, bunduki iko tayari”

Picha za namna hii huzunguka sana. Risasi tatu ni bahati kuliko ushahidi. Kwa hesabu za uwezekano, kundi la risasi kumi kutoka bunduki ileile huwa kubwa kwa wastani mara 1.6 kuliko kundi la tatu. Bunduki inayosifiwa kwa nusu dakika ya pembe katika tatu inaweza kuwa ya karibu dakika nzima katika kumi. Dakika moja ni sentimita 29 kwa mita 1,000, nawe umeshasikia upana wa lile duara.

Juzi mpwa wangu ameniletea orodha mpya. 6.5 Creedmoor, mtutu mnene wa inchi 26, mmoja kwa 8, reli ya dakika 20, darubini ya bei ya kati. .338 imeondoka, na pesa yake ameiandika kwenye mstari wa chini: risasi 1,000 za aina moja na ada ya uwanja. Nimemjibu kwamba fundi akimaliza, anitumie karatasi ya kwanza ya risasi kumi, zote kumi, na ile iliyotoka pembeni asiikate kwenye picha.