Maji Hayaheshimu Rangi ya Kijani

Kila mafuriko yanapopita, hurudi wosia ule ule: pandeni miti na nyasi, ardhi itayanyonya maji yote. Juzi nimeusikia kikaoni, safari hii kutoka kwa mtu anayeidhinisha michoro, na uvumilivu umenitoka. Miundombinu ya kijani, yaani bustani, miti na nyasi zinazosanifiwa kupokea maji ya mvua, ndiyo kazi yangu na ninaitetea, ila maji ya mvua hupokewa na nafasi, usawa wa ardhi na udongo, wala si rangi.

Kuhusu usawa sitasema mengi. Bustani ya mvua, yaani shimo lenye mimea linalopokea maji ya barabarani, hukaa chini ya usawa wa lami, kwa kawaida ikiwa na sentimita 15 hadi 30 za kutuamisha maji, lakini nyingi ninazoonyeshwa zimejazwa udongo hadi kuupita ukingo wa barabara, kana kwamba maji yatapanda kilima kwa kuyastahi maua.

Linaloniudhi hasa ni udongo. Watu husema “ardhi itanyonya” kana kwamba ardhi ni moja popote, ilhali mchanga hupitisha zaidi ya milimita 30 za maji kwa saa na mfinyanzi kati ya 1 na 5, tena kabla mashine hazijaukanyaga. Mimi hupigilia pete ya chuma ardhini, nikamimina maji na kusimamisha rula ndani yake: mahali ambapo katapila halijapita, maji hushuka nikiyatazama, hatua chache pembeni, lilipogeuzia, hutulia yakiakisi mawingu. Nyasi zikitandazwa juu ya udongo ulioshindiliwa namna hiyo, tofauti yake na saruji ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani. Ndiyo maana udongo huo huvunjwa kwanza, au huondolewa na kuwekwa mchanganyiko wenye mchanga mwingi, na chini yake bomba lenye matundu ikiwa ardhi ya asili ni mfinyanzi. Mizizi husaidia sana kuacha njia za maji wazi, lakini hiyo ni kazi ya miaka.

Sasa hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo mvua ya milimita 25 juu ya mita za mraba 1,000 za lami huleta takriban lita 25,000. Bustani ya mita za mraba 50 yenye sentimita 20 za kutuamisha hushika lita 10,000. Udongo wake wa kina cha sentimita 60, ikiwa robo yake ni nafasi tupu, huongeza 7,500. Zinazobaki hupenya au hutoka kwa bomba mvua ikiendelea, mradi isishuke yote kwa mkupuo. Hapo bustani imefanya kazi yake. Lakini tarehe 20 Julai 2021, jiji la Zhengzhou nchini China lilipata milimita 201.9 kwa saa moja, yaani lita zaidi ya 200,000 juu ya eneo lile lile, na waliotangaza kwamba dhana ya jiji sifongo, yaani jiji linalosanifiwa kunyonya maji ya mvua kama sifongo, imefeli walikuwa wakiilaumu kwa mzigo ambao haikusanifiwa kuubeba. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, baada ya mvua kubwa ya Julai 2011, haikuchagua kati ya mimea na mabomba: ilipanga bustani za kuhifadhi maji, barabara za kuyapitisha na mahandaki ya kuyatoa.

Vitabu hutoa kiwango kimoja cha upenyaji kwa kila aina ya udongo. Mashimo yangu mawili ya majaribio yaliyo jirani hutofautiana, nami huchukua kilicho kidogo na kukigawa kwa mbili, jambo ambalo ni mazoea zaidi ya sayansi. Pia nina shaka na michoro ya kompyuta inayojumlisha bustani mamia kana kwamba zote zitaendelea kupokea maji. Majani, mchanga na chupa hujikusanya kwenye mwanya wa ukingo ambamo maji huingilia bustanini, nyasi huota juu yake, na maji hupita nje kuelekea mtaroni huku bustani ikikauka. Siku hizi mchoro usiotaja idara itakayozoa uchafu huo, na mara ngapi kwa msimu, ninaurudisha bila saini.