Gari ndogo za kuchezea za Kimarekani: maneno ya watu na ukweli wenyewe

"Mwaka ulioandikwa chini ndio mwaka gari ilitengenezwa." Hapa ndipo hela za watu zinapoliwa. Mtu anageuza '57 Chevy (Chevrolet ya 1957) ya Hot Wheels, zile gari ndogo za kampuni ya Mattel, anakuta 1976, tayari anakupigia bei ya kitu cha makumbusho. Huo mwaka ni wa hakimiliki ya lile umbo, na umbo moja wanalitumia miaka na miaka maandishi yakiwa yale yale, so gari iliyotoka kiwandani juzi juzi tu inaweza kuwa na mwaka wa zamani chini. Ukitaka kujua umri angalia tairi, rangi, nchi iliyoandikwa, na kadi iliyofungiwa nayo dukani kama bado ipo. Zile za mwanzo, 1968 mpaka 1977, nyingi zina mstari mwekundu kwenye tairi, ndio maana zinaitwa Redline.

Halafu kuna hawa wa "imeandikwa Malaysia, hiyo feki". Mattel wana kiwanda Malaysia, wana kingine Thailand, na hata hizo Redline mnazozililia zingine zilitengenezwa Hong Kong. Acheni hizo.

"Ni chuma, haiozi." Kwanza sio chuma, ni zamak, yaani zinki iliyochanganywa na alumini kama asilimia 4, magnesiamu na shaba kidogo. Weka sumaku kwenye bodi uone, haishiki, labda kwenye ekseli. Wanaitumia kwa sababu inayeyuka chini ya nyuzi 400 za Selsiasi kwa hiyo inaingia kwenye moldi vizuri na moldi inadumu. Na kuoza inaoza! Zinki ikiwa chafu, hasa ikiwa na madini ya risasi ndani yake, bodi inavimba, inapasuka, mwisho inamomonyoka yenyewe hata kama hujawahi kuitoa kabatini. Hakuna dawa. Ila haiambukizi gari la jirani kama wengine wanavyotishana, ugonjwa unakuwa umezaliwa na gari lenyewe.

"Zote ni 1:64," yaani gari halisi limepunguzwa mara 64. Wapi! Nyingi zinapunguzwa zitoshe kwenye boksi la saizi moja, ndio maana Cadillac ya 1959, lile jimeli lenye mapezi, unaikuta inalingana urefu na gari ambayo barabarani ni ndogo kwake.

"Ukiipaka upya inapanda bei." Kwa mkusanyaji ni kinyume kabisa, Redline yenye rangi yake iliyochubuka inapendwa kuliko iliyopakwa ikang'aa. Modifai Camaro au Mustang za bei chee zilizojaa madukani, hizo hazina kilio.

Na wanaosema ni kupuliza tu rangi juu ndio hao rangi inawabanduka kama gamba. Toboa riveti, ile pini inayoshika chesi na bodi, kwa drili taratibu, tenganisha bodi, vioo na siti, maana kitoa rangi kikigusa plastiki kimeila, ukishachubua osha na sabuni ya vyombo, kausha, praima, ndio rangi, tabaka nyepesi nyepesi, halafu klia, ile rangi angavu ya juu. Kurudisha chesi tumia skrubu ndogo pale riveti ilipokuwa. Super glue usiipeleke karibu na vioo, mvuke wake unaacha ukungu mweupe.