Popo wa Mianzi: Maisha Ndani ya Pingili

Mwanzi mkubwa wa msituni una uwazi ndani ya kila pingili, lakini uwazi huo umezibwa pande zote, na mnyama wa kawaida hana njia ya kuufikia. Katika misitu ya Asia ya Kusini na Kusini-Mashariki, kuanzia India na kusini mwa China hadi Malaysia na visiwa vya Indonesia, wako popo wadogo wanaolala humo mchana kutwa. Wataalamu huwaweka katika jenasi ya Tylonycteris. Walio wadogo zaidi miongoni mwao wana uzito wa gramu 3 hadi 5 tu, na mwili wao, ukiacha mkia, una urefu wa sentimita 4 hivi.

Mlango wa nyumba yao hawautoboi wao wenyewe. Nchini Malaysia, kazi hiyo hufanywa na mbawakawa aitwaye Lasiochila goryi, ambaye hukulia ndani ya chipukizi la mwanzi na kuacha tundu dogo. Chipukizi linapozidi kurefuka, tundu hilo nalo huvutika hadi likawa ufa mwembamba uliosimama wima, ambao upana wake mara nyingi ni takribani milimita 5. Ufa huo ndio mlango pekee, na ndio unaotufahamisha kwa nini popo huyu ameumbika jinsi alivyo.

Ukilitazama fuvu lake kwa upande, utaona limebapa kupita kiasi, kana kwamba limekandamizwa kutoka juu, wakati mafuvu ya popo wengi wa ukubwa wake yana utosi wa mviringo. Popo anaporudi alfajiri, hutua kwenye mwanzi, hutanguliza kichwa katika ufa, kisha hujipenyeza kwa kujisukuma hadi mwili wote uwe ndani. Humo anakuta ukuta ulio laini na unaoteleza, usio na mahali pa kushika kucha. Kwa sababu hiyo, chini ya kidole gumba cha bawa na katika nyayo zake kuna sehemu zilizonona mfano wa mito midogo, zinazomwezesha kung'ang'ania ukuta huo bila kuanguka. Afrika Mashariki tunaye ndugu yake wa mbali, popo wa migomba, ambaye hulala ndani ya jani changa la mgomba kabla halijakunjuka na ambaye pia ana kidole gumba kilichonona. Kwa maoni yangu, huo ni mfano mzuri wa jinsi makazi yanayofanana yanavyoweza kuzaa maumbile yanayofanana.

Mengi tunayoyajua kuhusu mwenendo wao yalitokana na uchunguzi wa watafiti Lord Medway na A. G. Marshall katika mianzi ya Ulu Gombak, jimbo la Selangor nchini Malaysia, matokeo ambayo yalichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Waliona kwamba pingili moja inaweza kuwa na popo mmoja peke yake au kundi zima, mara nyingi majike kadhaa pamoja na dume, na kwamba wakazi hao hawakai mahali pamoja kwa muda mrefu, bali huhama kutoka pingili moja hadi nyingine. Zaidi ya hapo, spishi mbili za popo hawa, mdogo na mkubwa kidogo, hutumia mianzi ya kichaka kimoja, na pingili iliyolaliwa na hawa leo inaweza kulaliwa na wale siku nyingine. Jike huzaa mara moja kwa mwaka, na kwa kawaida huzaa pacha, jambo lisilo la kawaida kwa popo, kwani spishi nyingi huzaa mtoto mmoja.

Jioni hutoka kuwinda wadudu wadogo wanaoruka, wakiwatambua gizani kwa mwangwi wa sauti zao wenyewe. Kumbikumbi wanapotoka, popo hawa hula kwa wingi.

Kwa sasa spishi zinazojulikana zaidi hazihesabiwi kuwa hatarini kutoweka, na baadhi yao huishi hata katika vichaka vya mianzi vilivyo karibu na mashamba. Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba mwanzi wowote utawafaa kwa sababu tu mianzi huota upesi. Kichaka kikifyekwa chote, machipukizi mapya yatakua, lakini yatabaki yamefungwa hadi mbawakawa arudi kuyatoboa yangali machanga, na si kila shina hutobolewa. Ndiyo maana wavunaji wanashauriwa kukata kwa kuchagua, wakiyaacha mashina yenye nyufa yaendelee kusimama miongoni mwa yale machanga.