Vichochezi vya pumu ndani ya nyumba ni nini?

Kichochezi cha pumu ni kitu chochote kinachoamsha shambulio kwa mtu ambaye tayari ana ugonjwa huo. Njia za hewa za mtoto mwenye pumu huwa zimevimba kidogo hata siku anayocheza na kucheka. Zikiguswa na kichochezi, misuli inayozizunguka hukaza, uvimbe huongezeka, makohozi hujaa; ndipo unaposikia kifua kinapiga filimbi na kikohozi cha usiku wa manane. Ndiyo maana ndugu wawili waliolala kitanda kimoja huvuta moshi uleule, mmoja akapiga chafya akalala tena, mwingine akakesha ameketi anahema.

Kwa nyumba za Lamu, mimi ningeanza na moshi. Jioni ya Alhamisi chetezo huzungushwa chumba hadi chumba na nguo za Ijumaa hufukizwa. Ukimwambia bibi aache udi kabisa umejitafutia ugomvi, nawe huna haja nao. Afukize mtoto akiwa nje, madirisha wazi, na chumba anacholala kirukwe pamoja na nguo zake. Ubani ni vivyo hivyo.

Koili ya mbu ndiyo isiyo na utetezi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba koili moja ikiteketea hadi mwisho inaweza kutoa chembe laini za moshi sawa na za sigara 75 hadi 137. Tena huwashwa chini ya kitanda, mlango umefungwa, usiku kucha! Chandarua kinafanya kazi hiyo bila moshi. Na sigara ya baba isivutwe ndani hata dirishani.

Wazee walioweka jiko juu darini walijua walitendalo, moshi ulipanda ukaenda zake. Siku hizi nyumba ikigawanywa vyumba vya kupangisha, jiko la makaa huishia ukumbini. Liwashwe nje, liingizwe, kama ni lazima, makaa yakishashika vizuri, na mtoto asikae karibu.

Baada ya moshi, kitanda. Ndani ya godoro na mito ya sufi huishi vijidudu vya vumbi visivyoonekana kwa macho. Hula magamba ya ngozi yetu na hustawi kwenye unyevu, na unyevu pwani ndio hewa yenyewe. Kinachochochea pumu hasa ni kinyesi chao. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60 na zaidi, godoro livalishwe kifuniko kisichopitisha vumbi. Sakafuni, mkeka unaoweza kuoshwa ni bora kuliko zulia. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu unalirusha tu.

Kuta za mawe ya matumbawe hunyonya maji, na masika ukungu mweusi huota pembeni. Kupaka rangi juu yake ni kujidanganya. Zibeni kwanza panapovuja, kisha ukungu usuguliwe kwa sabuni, ukuta ukauke.

Paka je? Si manyoya yenyewe, ni mate na ngozi yake. Lakini paka hamdhuru kila mtoto mwenye pumu, hivyo usimfukuze kabla hujachunguza. Andika kwenye daftari kila shambulio lilitanguliwa na nini: udi, mafua, paka kitandani, mbio za mpira. Baada ya muda utaona kichochezi cha mwanao, si cha jirani.

Usafi huu hauchukui nafasi ya dawa. Aliyeandikiwa inhela (kifaa cha kuvuta dawa kwa mdomo) ya kila siku aendelee nayo hata akiwa mzima, na ile ya kufungua kifua isikosekane nyumbani. Kwa walio kisiwa cha Pate hilo lina uzito zaidi, maana kwenda Lamu mjini ni safari ya boti. Mtoto akishindwa kumaliza sentensi au midomo ikigeuka rangi, mpe inhela ya kufungua kifua na muondoke papo hapo kwenda hospitali iliyo karibu.