Sukari Haizai Minyoo

Wazazi wengi wamekua wakiambiwa kwamba mtoto mpenda peremende huota minyoo tumboni, nao huwaonya watoto wao vivyo hivyo. Sukari haizai minyoo. Minyoo mikubwa ya mviringo hutokana na mayai yaliyomo kwenye udongo uliochafuliwa na kinyesi cha binadamu, ambayo mtoto huyameza kupitia mikono michafu au matunda yasiyooshwa; yakianguliwa, mabuu husafiri hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa tena, kisha hukomaa utumboni miezi 2 hadi 3 baada ya mayai kumezwa. Peremende huharibu meno, na sababu hiyo yatosha kuzipunguza, lakini kumnyima mtoto sukari huku nyumba haina sabuni ya kunawia hakumkingi hata kidogo. Minyoo ya safura, aina nyingine ya minyoo ya tumboni, kwa upande wake hupenya ngozi ya miguu isiyo na viatu.